Vijana wenzangu, faida ya shamba inaliwa jikoni

Wiki mbili zilizopita nilipita kwa kijana mmoja analima vitunguu, ekari moja na nusu, pampu yake mwenyewe, mipira imepangika. Ni katika wakulima wangu wazuri. Ana daftari la shamba ambalo hata mimi mwenye diploma naliona wivu: mbegu kiasi gani, kibarua wa kupandikiza kiasi gani, petroli, viuatilifu, kila kitu na tarehe yake. Lakini vitunguu vilikuwa vimeanza kupauka. Nikamuuliza, mbona hujaweka CAN mpaka leo?

"Bwana shamba, hela imeisha."

Nikamwambia tufungue daftari tuone imeishia wapi. Tukajumlisha mara mbili. Kuna laki moja na kitu haionekani. Hakuna aliyeiba. Wakati tunakuna vichwa, mtoto akapita mbio na kichupa mkononi, ametumwa kwa Mangi kununua mafuta ya kupima ya mia tano. Tukatazamana. Yaani hela ya mbolea tumeiona inakimbia mbele ya macho yetu.

Leo nataka kusema jambo ambalo sisi maafisa ugani huwa hatulisemi. Tunawafundisha nafasi ya kupanda, tunawafundisha kanuni za kupulizia dawa, ila tukifika mlango wa jikoni tunageuza pikipiki. Maoni yangu ni kwamba chakula cha nyumbani ni gharama ya shamba, tena ndiyo ya kwanza. Usipoipangia, italipwa tu, ila italipwa na hela ya mbolea, na kwa bei mbaya.

Nasema haya nikiwa nimeumia mwenyewe. Mwaka wangu wa pili kazini nililima mahindi pembeni. Nilivuna mwezi wa saba, nikauza yote kwa haraka, gunia elfu arobaini, nikamalizia deni la pikipiki. Mke wangu aliniuliza swali moja tu: "Sisi tutakula nini?" Nikamjibu tutanunua, mahindi si yapo? Kweli yalikuwepo. Mwezi wa pili nilinunua gunia nne kwa elfu themanini kila moja. Gunia nne zile zile nilizoziuza kwa laki moja na sitini nimezirudisha kwa laki tatu na ishirini. Mtaalamu wa kilimo huyo! Tangu siku ile mahindi hayatoki ndani kwangu bila mama watoto kutenga ya kwake kwanza.

Sasa, tupige hesabu. Familia ya watu watano inayotumia kilo moja na nusu ya unga kwa siku inahitaji kilo 45 kwa mwezi, kama kilo 540 kwa mwaka. Ukisaga dona, weka gunia sita za kilo 100 na utabaki na kidogo cha wageni. Ukipenda sembe, ongeza, maana kinu kinaondoa ganda na kiini, kwa hiyo kilo ya mahindi haitoi kilo ya unga. Na ukweli usemwe, kile kinachoondolewa ndicho chenye lishe. Fanya hesabu hiyo hiyo kwa maharage.

Kuna kijana ataniambia, "Bwana shamba, mimi ni mkulima wa biashara. Ekari yangu ya vitunguu inanilipa kuliko ya mahindi. Kwa nini nilime ugali?" Uko sahihi, na sikulazimishi ulime mahindi. Ninachosema ni ununue ya mwaka mzima wakati wa mavuno, kwa jirani, bei ikiwa chini, kama unavyonunua mbolea mapema kabla haijaadimika. Mtu anayesubiri mpaka masika ndipo atafute debe la mahindi huyo hafanyi biashara. Ni mteja tu kama wateja wengine, tena mteja anayelima!

Lakini usiweke mahindi kienyeji halafu dumuzi akayala kabla yako. Kausha kwenye turubai, usianike kwenye udongo. Kipimo cha maskini ni chupa kavu ya kioo na chumvi kavu: tia mahindi mpaka robo au nusu ya chupa, weka vijiko viwili vya chumvi, tikisa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, bado mabichi. Isiponata, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15, ila kwa mifuko ya kinga njaa tunataka 13, kwa hiyo ongeza siku moja mbili za jua kali. Mifuko hii ina nailoni mbili ndani na kiroba nje. Punguza hewa, funga kila nailoni peke yake, weka juu ya chaga mbali na ukuta. Huhitaji dawa ya unga. Usifungue mfuko kila siku kuchota; toa wa mwezi mmoja, mingine iache imefungwa.

Hapa niweke onyo. Kubana matumizi si kununua mahindi yenye ukungu kwa sababu ni bei chee. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumu ile haitoki kwa kupika. Wala kubana matumizi si kuondoa maharage na dagaa kwenye sahani ya mtoto. Ukifanya hivyo hujaokoa kitu, umehamisha gharama tu kutoka dukani kwenda zahanati.

Turudi kwa yule kijana na mafuta yake. Nyumbani kwake wananunua kipimo cha mia tano mara mbili kwa siku, yaani elfu thelathini kwa mwezi. Tulipima kwa kikombe chenye alama, kipimo kimoja kikatoa kama mililita 70. Kwa mwezi wanapata lita nne na kidogo. Dumu la lita tano mjini alikoulizia ni elfu ishirini na saba. Kwa matumizi yale yale angebakiza zaidi ya elfu saba kila mwezi. Kwa mwaka zaidi ya elfu themanini na nne. Hiyo ni mafuta tu. Bado sukari ya robo, sabuni ya kipande na chumvi ya kupima.

Simlaumu Mangi. Naye ana mtaji wake, na anatukopesha tukikwama. Wala simlaumu mke wa yule kijana. Mtu unayemwachia elfu mbili asubuhi atanunua vitu vya elfu mbili, hawezi kununua dumu. Ukitaka jikoni kununue kwa jumla, mpe mwenzako hela ya mwezi, tena mkae chini mpange pamoja. Mbona wauza pembejeo unawalipa kwa mkupuo?

Na mboga, jamani, ndiyo aibu yetu kubwa. Mtu ana pampu, halafu ananunua mchicha. Tuta moja la mchicha ni wiki tatu nne unachuma. Matembele ukipanda marando leo utachuma muda mrefu. Tenga mstari mmoja mwisho wa mpira wako, ila usiwe unapokea dawa unazopulizia kwenye biashara.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Kwenye daftari lako la msimu ujao, ukurasa wa kwanza usiandike mbegu. Andika jikoni. Gunia ngapi, maharage kilo ngapi, mafuta dumu ngapi. Ukishauza, tenga hiyo kwanza, ndipo utenge mbolea, na kinachobaki ndicho mtaji wako wa kweli. Kitakuwa kidogo kuliko ulivyodhani, lakini hakitapotea.

Yule kijana ilibidi akope kwa shemeji yake apate mifuko miwili ya CAN. Vitunguu vimeanza kurudisha rangi, ingawa tumechelewa na mavuno yatapungua. Jana alinitumia picha. Nilidhani ni ya shamba, kumbe ni dumu la mafuta juu ya meza.