Kadi rahisi yaweza kuwa ghali kwa kompyuta kuukuu

Septemba 2022 mtandao wa Ethereum uliacha kutegemea kadi za michoro kuzalisha sarafu yake, na kadi nyingi zilizotumika zikaingia sokoni kwa bei ya chini.

Kwa mwenye kibanda cha gemu Kampala au Arusha, unafuu huo una mtego. Tundu la PCI Express hutoa wati 75 tu. Kadi kubwa hudai waya wa ziada, ambao kompyuta nyingi za mtumba zilizotoka maofisini hazina. Akilazimika kununua na pawasaplai mpya, unafuu umekwisha.

Kiwango cha kawaida cha VAT ni asilimia 16 Kenya, 18 Uganda na Tanzania. Kabla ya kuvuka mpaka kufuata tofauti hiyo, asome kwanza wati za pawasaplai yake.