Korosho Zilizoishia Kwenye Giaboksi

Kuanzia kijiwe cha bodaboda hapa kwetu Nanyamba hadi chumba cha wahadhiri ninakofundisha, nimesikia hukumu moja ikitolewa bila rufaa: giaboksi ya otomatiki yenye gia sita haiifai Afrika. Wanaoitoa wana ushahidi, kwa kuwa magari yaliyokufa yapo chini ya miembe na kila mpita njia anayaona. Hata hivyo naamini hukumu hiyo imemfunga asiye na hatia.

Mjomba wangu ni mkulima wa korosho. Minada ya kwanza ya Oktoba 2024 ilipoivusha kilo moja juu ya shilingi 4,000, alijumlisha mapato yake na akiba ya miaka kadhaa, akanunua gari dogo la Kijapani lililokwisha kutumika. Hakulinunua kwa anasa. Alikusudia kulikodisha, lisomeshe wadogo zangu wawili. Halikumaliza mwaka.

Siku lilipokwama mchangani, kwenye njia ya shambani, dereva alikanyaga mafuta huku akirusha gia mbele na rivasi kwa muda wa nusu saa. Lilitoka, lakini kesho yake mjomba alinipigia: “Mpwa wangu, injini inanguruma, gari haliendi.” Mimi, msomi wa familia, nikamwambia alivute kwa kamba hadi Mtwara mjini. Likavutwa, gia ikiwa nyutro, magurudumu ya nyuma yakizunguka njia nzima. Huko fundi akalijaza mafuta mekundu ya kawaida, yale tunayoyaita haidroliki, akalirudisha barabarani kwa siku tatu.

Baadaye nilisoma, na nikaona aibu. Pampu inayosukuma mafuta ndani ya giaboksi hii huzungushwa na injini. Injini ikizimwa pampu imelala, ilhali magurudumu yanayoburutwa yanaendelea kuzungusha vyuma visivyopata mafuta. Gari kama lile hupakiwa juu ya lori, au huinuliwa magurudumu yanayosukuma. Kule mchangani nako, klachi ziliteleza na mafuta yakachemka hadi yakaungua. Na haidroliki ile haikuwa aina aliyoitaka mtengenezaji: giaboksi nyingi za Toyota zenye gia sita hutaka mafuta yaitwayo WS, mepesi kuliko yale ya zamani. Makosa matatu, na moja ni langu. Hakuna hata moja lililotoka kiwandani.

Mtambo wenyewe si wa kubahatisha. Ulipoingia katika magari ya abiria mwaka 2001, kampuni ya ZF ya Ujerumani ikiufunga kwenye BMW ya Mfululizo wa 7, ulifuata mpangilio uliobuniwa na Mfaransa Pierre Lepelletier, unaopata gia sita kwa klachi na breki tano tu, ukawa mwepesi kuliko ule wa gia tano uliotangulia. Shangingi la V8 la dizeli, Land Cruiser ya mfululizo wa 200, ambalo sote tumewahi kulipisha barabarani, nalo lina otomatiki ya gia sita. Sijasikia wakubwa wakilalamika kwamba haiifai Afrika. La kwao huhudumiwa kwa wakati, kwa kodi zetu.

Una magonjwa yake, sikatai. Gari likitikisika kwa mwendo wa wastani, mara nyingi ni klachi ndogo iliyo ndani ya kile chombo cha mviringo kinachopokea nguvu ya injini. Likipiga teke wakati wa kubadili gia, huenda vali na solenoidi zimechafuka au kuchakaa. ZF zina kiungo cha plastiki cha nyaya ambacho huvujisha mafuta kikizeeka. Karibu yote haya huharakishwa na mafuta machafu, na hapa ndipo watengenezaji wenyewe walipotukosea. Baadhi yao waliyaita mafuta ya maisha, yasiyobadilishwa kamwe, wakati ZF yenyewe inashauri yabadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Maisha ya nani? Ya mwenye gari wa kwanza, pengine. Sisi ni wa tatu au wa nne. Tena nyingi hazina kijiti cha kupimia; kina hupimwa kwa kufungua kizibo chini ya gari, injini ikiunguruma, mafuta yakiwa katika joto lililoelekezwa. Fundi asiyefundishwa hilo atapima kwa kukisia, nami simlaumu.

Mjomba huyuhuyu hakosei salfa. Anajua lini anyunyizie dhidi ya ubwiriunga, na kiasi gani kwa kila mkorosho, kwa sababu watafiti wa Naliendele walifanya kazi hiyo kwa miaka mingi na maafisa ugani wakaileta kijijini kwa lugha anayoielewa. Kwa gari hakupata chochote. Dola iliujua umri wa gari lake vizuri, ikamtoza ushuru wa uchakavu bandarini. Ikiwa inajua kwamba mtambo ni mzee kiasi cha kuutoza faini, kwa nini isimlazimishe mwagizaji aukabidhi pamoja na karatasi moja ya Kiswahili: aina ya giaboksi, aina ya mafuta, kilomita za kuyabadilisha, namna ya kulivuta likiharibika? Na sehemu ya ushuru huo kwa nini isiwanoe mafundi wa Nanyamba, Tandahimba na Newala, ambao hawawezi kufunga gereji miezi mitatu waende chuoni?

Gari bado liko chini ya mwembe. Wiki iliyopita mjomba alipata giaboksi ya mtumba Dar es Salaam, akamuuliza muuzaji inatumia mafuta gani. Akajibiwa aweke yoyote, mradi yawe mekundu.