Mtenda Wema Asidai Sifa, Nasi Tusimnyime Shukrani

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baada ya hayo.

Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama katika bahari ya Nungwi ikitoka Unguja kuja Pemba. Watu 203 walithibitishwa kufa, na zaidi ya elfu moja hawakuonekana tena. Kwetu Jadida, kama Pemba yote, msiba ule haujasahaulika. Hata hivyo zaidi ya watu 600 waliokolewa, na miongoni mwa waliowaokoa walikuwemo wavuvi. Je, watu kama hao wanastahiki sifa na malipo, au wametimiza wajibu wao tu?

Wapo wasemao kuwa sifa huharibu nia. Hutaja Suratul Insaan, inayowataja wanaowalisha masikini bila kutaka kwao malipo wala shukrani. Wahenga nao walituusia: tenda wema wende zako. Hayo ni kweli, lakini tutazame anayeambiwa ni nani. Ni mtendaji. Sisi tuliotendewa tuna hukumu yetu: Abu Huraira (R.A.) amepokea kutoka kwa Mtume (S.A.W.) kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Allah. Basi hapa pana wajibu wa aina mbili, na mmoja hauufuti mwingine. Mwokozi asidai, aliyeokolewa asinyamaze.

Ama malipo, ubora wake hutofautiana. Ndege ya Precision Air ilipoanguka katika Ziwa Victoria, Bukoba, Novemba 6, 2022, watu 24 kati ya 43 walinusurika. Kijana mvuvi aliyeshiriki uokoaji alipewa shilingi milioni moja, kisha ikaamriwa aajiriwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Fedha huliwa zikesha. Nafasi ya kuokoa tena hubaki. Kwa hiyo tunaona kwamba shukrani bora kwa wavuvi wetu ni maboya, taa na mafunzo ya uokoaji. Malipo ya namna hiyo hayanunui nia ya mtu, bali huitia nguvu.

Ndugu wazazi, jambo hili limo pia majumbani mwetu. Mtoto akiokota pochi akairejesha kwa mwenyewe, tumshukuru na tumwombee dua mbele ya nduguze. Lakini tukimlipa kila anapofanya haki, tutakuwa tumemfundisha biashara, na siku asipoona malipo, pochi hairudi.

Basi Ijumaa hii, kila mmoja wetu amkumbuke aliyemtendea wema ambaye hakumshukuru, amwendee. Na wema tuliotenda wenyewe tumwachie Allah, ambaye kwake haupotei hata uzito wa chembe.

Wabillahi tawfiq.