Walikusanyika au Walikusanywa?

Wapo watu, tena wenye Kiswahili kizuri, wanaoshikilia kwamba lugha yetu haina maneno ya kueleza watu waliodhamiria jambo na kulitenda kwa nia moja. Kiingereza, wanasema, kina jozi yake tayari, "concerted effort". Sisi tumebaki na "juhudi za pamoja", basi. Nadhani wamepotea, na wamepotea kwa sababu ya mahali wanapotafuta. Wanatafuta sifa ya kufungia kwenye nomino. Kiswahili jambo hilo hulitia ndani ya kitenzi: saidiana, afikiana, shikamana, pokezana, changiana. Ukisema "walipokezana mzigo mpaka mtoni", umeshaeleza kwamba walikuwa wengi, kwamba kila mmoja alipata zamu yake, na kwamba hawakuutua njiani.

Na hicho Kiingereza kinachosifiwa, neno lake hilo chimbuko lake ni kupatana, lakini siku hizi Waingereza wengi hulitumia hata kwa mtu mmoja anayejikaza peke yake chumbani. Maana ya kupatana imevuja. Maulana Karenga, Mmarekani mweusi aliyelelewa katika Kiingereza, alipoanzisha sikukuu ya Kwanzaa mwaka 1966 na kutafuta jina la kazi na wajibu unaobebwa na wote, alikuja kulichukua kwetu: ujima. Nasikitika kwamba vitabu vya shule vya Tanzania vimelifanya neno hilo kuwa hasa jina la zama za kale, kana kwamba watu waliacha kulimiana mashamba.

Wengine hukubali hayo yote, kisha husema "juhudi za pamoja" inatosha, tusisumbuane. Haitoshi. "Pamoja" hutuambia watu walikuwa mahali pamoja. Haituambii kama walipatana. Wapagazi waliofungwa kamba moja shingoni walitembea pamoja. Hapa ndipo penye uzito wa maneno haya, nami sitaki papitwe haraka.

Chukua dai la tatu, ambalo Kongo utalisikia kwa wazee na kwa maofisa vilevile: kwamba kazi ya pamoja jina lake ni salongo. Salongo ya wakati wa Rais Mobutu, miaka ya 1970, ilikuwa amri. Raia alitoka kufagia barabara na kufyeka majani kwa sababu alitakiwa kutoka. Na amri hiyo ilikuta njia imeshalimwa. Mwaka 1917 serikali ya Wabelgiji ilianza kuwalazimisha wanavijiji kulima mazao iliyoyataka yenyewe, siku 60 kwa mwaka. Mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto, siku zikapandishwa hadi 120. Maniema, mashariki mwa Kongo, ililima pamba na mpunga kwa namna hiyo. Mashamba yalikuwa na watu wengi, wakiinama na kuinuka kwa pamoja, na karani akiandika ripoti angeweza kuziita juhudi za pamoja bila kusema uongo wa wazi. Kitenzi cha Kiswahili kinamnyima nafasi hiyo. Kinamlazimisha achague: walikusanyika, au walikusanywa? Walisaidiana, au walitumikishwa? Silabi moja au mbili tu, na ukweli umetoka nje. Sijui kwa nini tuitupe zana kali namna hii tukaazime butu.

Kuhusu harambee nitasema kidogo. Wapo wanaoikataa wakidai ni jina la mungu wa Kihindi lililojificha. Lakini neno hupata maana kwa wanaolitumia, na pwani lilikuwa ukelele wa wanaovuta na kuinua vitu vizito kabla Jomo Kenyatta hajalifanya wito wa taifa la Kenya mwaka 1963. Aliyeshika kamba alilisikia kama ishara ya kuvuta sasa hivi, yeye na mwenzake, na alivuta.

Dai la mwisho ndilo linaloniuma, maana linagusa Nyangwe. Linasema Kiswahili cha Maniema kililetwa na wafanyabiashara ya watumwa, hivyo hakina haki ya kuzungumzia umoja. Ni kweli kililetwa nao. Ukingoni mwa mto Lualaba walijenga kituo, ndiyo Nyangwe hiyo, na tarehe 15 Julai 1871 watu wa msafara wa Dugumbe, mfanyabiashara Mwarabu, waliufyatulia risasi umati wa soko, wengi wao wanawake waliovuka mto na bidhaa zao. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. David Livingstone, mmisionari na msafiri kutoka Uingereza, alikuwapo na aliyaandika mauaji hayo.

Lakini mwaka 1893 majeshi ya Dola Huru ya Kongo yaliiteka Nyangwe, kisha Kasongo. Mabwana wakaondoka, lugha ikabaki kwa waliokuwa wakitawaliwa kwayo. Waliipokea, wakauziana kwayo, wakaoana kwayo, wakapatanishwa kwayo. Leo ni moja ya lugha 4 za taifa katika katiba ya Kongo. Lugha ni ya wanaoisema.

Na kwenye ukingo ule ule, miezi michache kabla ya mauaji, lilitendeka jambo ambalo naona linastahili kitenzi chake. Livingstone alifika Nyangwe mwishoni mwa Machi 1871 akitaka mitumbwi ya kushuka mto. Alisubiri mpaka Julai, asipate. Waliokuwa nayo waliamini kwamba kumpa mgeni mtumbwi ni kuvusha vita hadi ng'ambo ya kushoto. Hata fedha alizoahidi hazikumsaidia. Miaka mitatu baadaye msafiri mwingine Mwingereza, Verney Lovett Cameron, naye alikwama pale pale kwa kukosa mitumbwi. Mwandishi wa Kiingereza atasema hawakuweza kuipata. Mimi naandika: walinyimwa, na waliowanyima walikuwa wameshikamana.