Shauri la Shamba: Matango katika Madebe

Msomaji mmoja, karani, atokaye Marani katika nchi ya Kisii, ameniletea barua yenye huzuni. Asema kwamba ardhi ya marehemu baba yao imegawanywa kwa ndugu wanne, na sehemu yake haifiki nusu eka. Ndani yake mna nyumba, migomba, chai kidogo na majani ya ng'ombe. Mkewe alipoomba kipande cha kupandia matango, alimjibu kwa ukali kwamba ardhi imekwisha. Tangu siku hiyo hapana maneno mazuri nyumbani. Auliza, "Je, nilikosea?"

Ndugu yangu, juu ya ardhi hukukosea. Juu ya matango ulikosea. Nchi yenu ina rutuba na mvua nyingi, lakini vilima haviongezeki watu wanapoongezeka. Hata hivyo, tango halidai eka. Ladai udongo mzuri, jua, maji, na jicho la mwenyewe kila siku, na hayo yote yapatikana mbele ya mlango. Huko Kibera, Nairobi, ambako hata nafasi ya kupita ni haba, watu wengi hupanda mboga katika magunia, hasa tangu mwaka 2008, shirika la Solidarités lilipoanza kuwasaidia kwa miche na mafunzo. Likiwezekana Kibera, litashindikanaje Marani?

Tafuta debe au ndoo kuukuu ya lita 20. Usitumie kamwe chombo kilichotiwa dawa ya wadudu, hata kikioshwa mara kumi. Toboa matundu sita chini, kwa maana mizizi ya tango hupenda unyevu lakini huoza ikikaa majini. Tandaza kokoto, kisha ujaze mchanganyiko huu: udongo wa juu makarai mawili, samadi iliyooza kabisa karai moja, na mchanga nusu karai. Samadi mbichi huunguza mizizi.

Panda mbegu tatu, kina cha sentimita 2. Usiku wa Marani ni wa baridi, basi usikate tamaa zikichukua juma moja au zaidi kuota. Miche ikipata majani matatu, uache mmoja ulio na nguvu. Mingine uikate kwa mkasi wala usiing'oe, usije ukatikisa mizizi ya ule unaobaki. Simika fito tatu na kuzifunga pamoja juu, mmea upande. Funika udongo kwa majani makavu ya mgomba.

Huko kwenu mvua nyingi hunyesha alasiri, na majani yanayolala yamelowa hushikwa upesi na maradhi ya ubwiri. Kwa hiyo weka debe upande wa mashariki wa nyumba, lipate jua tangu asubuhi hata adhuhuri, mbali na maji yamwagikayo kutoka batini. Hapo faida ya debe yaonekana: shamba halihamishiki, lakini debe lahamishika. Katika miezi mikavu ya Januari na Februari mwagilia kila siku, nawe umwage maji udongoni, si juu ya majani. Mmea uliopata kiu mara kwa mara huzaa matango machungu.

Maua ya kwanza yatapukutika bila kuzaa. Wengi hukasirika hapo na kuung'oa mmea. Ngoja! Hayo ni maua ya kiume. Ya kike hufuata, nayo hutambulikana kwa kitango kidogo kilicho nyuma ya ua. Nyuki ndio wapelekao chavua. Ikiwa hawaonekani, chuma ua la kiume asubuhi, uondoe petali zake, uliguse katikati ya ua la kike. Baada ya miezi miwili hivi tangu kupanda utaanza kuchuma. Chuma tango likiwa bado kijani, kila siku mbili. Likiachwa kuiva hata liwe manjano, mmea huona kazi yake imekwisha.

Wala nisikudanganye. Madebe mawili hayatakurudishia ardhi ya babu, na tango karibu lote ni maji. Lisiondoe chinsaga na rinagu katika chungu. Lakini litawapa watoto kachumbari, na yatakayozidi yatauzwa sokoni. Nawe u karani: andika katika daftari gharama ya mbegu na idadi ya matango uliyochuma, ndipo uamue kama yafaa kuongeza debe la tatu.

Mchagua jembe si mkulima. Jumamosi hii, ndugu, rudi nyumbani na madebe mawili na pakiti moja ya mbegu. Mpe mkeo kwa mikono miwili, ukisema kwamba ardhi ilikwisha lakini nafasi haikuwa imekwisha.