Tangazo Liseme Bei

Jina la dagaa wa Kigoma halihitaji kutangazwa. Lilikwisha kusafiri kwa reli hadi Dar es Salaam tangu zamani. Wanaohitaji kutangazwa ni akina mama wa mwalo wa Kibirizi wanaowaanika. Wapo wanaolipia picha zienezwe katika Facebook na Instagram, na fedha hizo hupotea bure. Tangazo halisemi kilo ni bei gani, wala kama dagaa walianikwa chanjani au mchangani, wala nani atalipa nauli ya mzigo. Huandikwa tu, "Njoo inboksi"! Mteja wa Dodoma atauliza mara ngapi? Tena mitandao hiyo humruhusu mtangazaji kuchagua mji anaoutaka, lakini ni wachache walioelezwa hivyo.

Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, mwenye kutunza namba za wateja wake katika WhatsApp aliweza kuwaarifu, bila malipo ya tangazo, akiba iliyobaki.

Maafisa biashara wa Manispaa ya Kigoma/Ujiji hawana budi kuteremka mwaloni, wakaandike na akina mama hao tangazo moja lililokamilika. Walimu wanaonunua nao wawaambie wauzaji lipi halikueleweka.