Rahisi kwa Tajiri, Ghali kwa Mnyonge



Huko Marekani, walionunua bastola za bei ya chini hulalamika kwamba chombo hukwama: ganda halitoki, risasi ya pili haiingii. Wengine huwajibu kuwa bei ndogo haidai kitu kizuri. Hoja hiyo ni ya tajiri, tusiikubali.

Tazameni kiwanda cha Bryco Arms cha California. Bastola yao ilikwama mno. Mahakamani ilielezwa kuwa badala ya kuondoa kasoro, walibadili muundo, ikawa lazima kufungua kizuizi cha usalama ndipo utoe risasi. Mwaka 1994 kijana mmoja alikifungua ili atoe risasi. Bastola ikalia, mtoto wa miaka 7 akapooza. Mwaka 2003 mahakama iliwatwisha wenye mali fidia ya karibu dola milioni 24. Wakatangaza kufilisika. Mwaka 2004 msimamizi wao wa zamani alinunua mitambo, na kazi ikaendelea.

Chombo cha serikali kinacholinda wanunuzi, kilichoundwa mwaka 1972, kimekatazwa kugusa silaha. Kinakagua bastola ya kuchezea, ya kweli hapana.

Ndugu, hila hii twaijua. Mashine ikikwama, mfanyakazi huambiwa aondoe kinga atie mkono. Vidole vikikatika, huitwa mzembe. Basi kamati za matawi zidai mashine itengenezwe, na kinga ibaki mahali pake. Kasoro ya mwenye mali isigeuzwe kosa la mtumiaji.

Umoja ni nguvu.